Majina ya Kinga: Kutoka Ufuo wa Ziwa hadi Daftari la London

Mwambie mwendesha bodaboda yeyote wa Kisumu akupeleke Russia, naye atakushusha langoni mwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina hilo la mtaani limebaki tangu miaka ya 1960, Muungano wa Kisovieti ulipotoa msaada wa kuijenga. Karatasi za zamani zinaiita New Nyanza General. Anayetafuta rekodi ya mgonjwa wa miaka thelathini iliyopita sharti ajue kwamba majina yote matatu ni ya nyumba moja. Asipojua, atatafuta hospitali tatu na kuzikosa zote. Mji wenyewe una historia kama hiyo: reli ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, na mwanafunzi anayepekua ramani za wakati ule akitafuta Kisumu peke yake atapitwa na mengi.

Kisa ninachokisimulia ni cha tatizo hilohilo, ila vitu vinavyopewa majina humu vimo ndani ya damu yetu. Ni jeni za kinga. Zimepewa majina, majina yakajaa, yakafumuliwa na kuandikwa upya, na ikabidi watu watunge programu za kompyuta ili anayetafuta jina la jana alipate katika daftari la leo. Damu ya watu wa ukanda huu wa ziwa imo ndani ya kisa hicho, na nadhani ni haki watu wa ziwa wakijue.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopewa jina. Katika kromosomu ya sita ya kila binadamu kuna kundi la jeni linaloitwa HLA. Jeni hizo hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli zikiwa zimeshika vipande vidogo vya protini nyingine vilivyotoka ndani. Askari wa kinga hupita wakikagua. Wakikuta kipande cha kirusi, wanajua seli hiyo imevamiwa na wanaiangamiza. Lakini protini ya HLA haishiki kila kipande. Wavuvi wa Dunga wanajua kwamba wavu wa omena haujatengenezewa mbuta, na wavu wa mbuta huwaachia omena wote wapite. Ndivyo ilivyo na HLA: kila aina ina umbo lake la mfuo, na mfuo huo hushika vipande vya umbo fulani tu. Mtu hurithi nyavu za baba na nyavu za mama, hivyo katika jeni tatu kuu za kundi la kwanza, yaani A, B na C, anaweza kuwa na nyavu sita tofauti. Kijiji chenye nyavu za aina nyingi ni vigumu kuangamizwa chote na ugonjwa mmoja. Ndiyo maana jeni hizi zina sura nyingi kuliko karibu jeni nyingine yoyote ya binadamu, na kila sura moja huitwa aleli.

Waliotufungulia mlango wa elimu hii ni akina mama waliozaa. Mwaka 1958 Jon van Rood huko Leiden, Uholanzi, na Rose Payne huko Stanford, Marekani, kila mmoja kivyake, walitambua kwamba mwanamke aliyebeba mimba anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za damu. Mwili wake umekutana na nusu ya baba iliyomo ndani ya mtoto, na umeikumbuka. Mwaka huohuo Jean Dausset wa Paris alieleza alama ya kwanza ya chembe nyeupe, akaiita Mac. Tangu hapo seramu ya akina mama ikawa ndiyo kifaa cha kupimia: unachukua tone la seramu, unaliweka pamoja na chembe nyeupe za mtu mwingine, unatazama kama zinashikana au kufa.

Matokeo yalikuwa majedwali makubwa ya ndiyo na hapana, na kila seramu ilikuwa na kingamwili za aina nyingi zilizochanganyika. Van Rood aliona akili ya mtu haitoshi kuyachambua. Akayaingiza kwenye kompyuta, mapema katika miaka ya 1960, wakati mashine hizo zilijaza chumba kizima, na mashine ikamsaidia kuona kwamba baadhi ya seramu zilikuwa zikienda pamoja. Alama alizozipata akaziita 4a na 4b. Kwa hiyo wale wanaodhani kompyuta iliingia katika elimu hii juzi wamekosea. Ilikuwapo tangu jina la pili au la tatu.

Shida ni kwamba kila mtu alikuwa na majina yake. Dausset alikuwa na Mac, halafu Hu-1. Payne na akina Bodmer, Walter na mkewe Julia, walikuwa na LA1 na LA2. Van Rood alikuwa na zake. Mwaka 1964 walikusanyika Durham, Marekani, kila mmoja na mbinu zake, wakapima damu za watu walewale, na majibu hayakupatana. Fikiria ofisi tatu za usajili zikimwandika mtoto mmoja kwa majina matatu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaunda kamati ya kuidhinisha majina, na jina HL-A likakubaliwa, lenye kitu cha kila upande ndani yake. Kamati hiyo ingali hai hadi leo.

Hapa ndipo Afrika inapoingia, na inaingia kama pengo. Seramu zilizotumika maabara nyingi zilitoka kwa akina mama wa Ulaya na Marekani wenye asili ya Ulaya. Kingamwili zao zilijua alama za waume zao. Zilipowekwa pamoja na chembe za Mwafrika, mara nyingi hazikutambua kitu, na mpimaji akaandika nafasi tupu. Nafasi tupu ilikuwa na maana moja tu: hatuna chombo cha kukuona. Pole pole alama zilizoonekana zaidi kwa Waafrika zilipata majina, kama Aw36, Aw43 na Bw42. Herufi ile ndogo ya w ilimaanisha jina ni la muda, bado linajadiliwa. Baadhi ya alama zetu zilikaa na jina la muda miaka mingi.

Elimu ilipohama kutoka seramu hadi kusoma mpangilio wa DNA wenyewe, mambo yalibadilika. Mwaka 1987 kamati ilianza kutoa majina kwa kila mpangilio uliosomwa. Likaja umbo hili: herufi ya jeni, kisha kinyota, kisha tarakimu nne. A*0201. B*5301. Tarakimu mbili za kwanza zilitaja ukoo, kwa kawaida kufuata alama ya zamani ya seramu, na mbili za mwisho zilitaja protini hasa.

Msomaji wa Kisumu hana haja ya kufundishwa kwa muda mrefu jinsi jina linavyoweza kubeba taarifa kwa mpangilio. Ukisikia Akinyi unajua ni mwanamke, kwa herufi ya kwanza, na kwamba alizaliwa asubuhi, kwa shina la jina. Otieno ni mwanamume wa usiku. Ukipanda milima ya Nandi utakuta Kiplagat na Chelagat, kaka na dada wa magharibi ileile, mmoja na kiambishi cha kiume na mwingine cha kike. Mtu anayeijua kanuni anaweza kulisoma jina hata kama hajawahi kumwona mwenyewe. Hilo ndilo kamati ilikuwa ikilitafuta kwa jeni. Lakini karani yeyote wa hospitali atakwambia pia udhaifu wake: katika rejista moja kuna akina Akinyi wangapi?

Daftari la majina hayo nalo lina chimbuko lake. Mwaka 1979, Anthony Nolan, mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kinga, alifariki akiwa na miaka saba bila kupata mtu wa kumchangia uboho wenye HLA zinazolingana na zake. Mama yake, Shirley, alikuwa ameanzisha rejista ya wachangiaji miaka mitano kabla. Shirika lililokua kutokana na rejista hiyo, lenye jina la mtoto huyo, lina taasisi ya utafiti jijini London, na huko ndiko daftari kuu la majina ya HLA linakotunzwa, chini ya Steven Marsh na wenzake. Toleo la kwanza la hifadhidata hiyo ya kompyuta lilitoka Desemba 1998 likiwa na aleli chini ya 1,000. Sasa zimepita 40,000. Kila miezi mitatu hutoka toleo jipya.

Mwaka huohuo wa 1979, upande wetu, Kenya iliunda Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, na ushirikiano wake na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, ukaanza magharibi mwa nchi. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia utaikuta kambi yake Kisian, kati ya barabara na ziwa. Sababu ya kuja huku ilikuwa malaria. Ufuo wa ziwa una malaria mwaka mzima, na milima ya Nandi, safari ya saa chache tu, ina malaria ya msimu na ya nadra. Kwa mtafiti wa kinga hiyo ni zawadi: jamii mbili jirani, mazingira mawili ya ugonjwa.

Kutokana na jambo hilo lilizaliwa andiko ninaloliona kuwa kiini cha kisa hiki. Lilichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Tissue Antigens, na wanasayansi wengi, akiwamo Davy Koech, aliyekuwa mkurugenzi wa KEMRI, wenyeji wa maabara za Kenya, na wageni kutoka vyuo vya Marekani. Walisoma jeni A, B na C za watu 852 kutoka jamii tano: Waluo na Wanandi wa Kenya, Wadogon wa Mali, watu wa Uganda na watu wa Zambia. Waluo na Wanandi peke yao walikuwa zaidi ya nusu ya wote.

Sasa tazama kazi iliyokuwa mezani. Kila mtu ana hadi aleli sita. Watu 852 ni zaidi ya majina elfu tano, kila moja likiwa na herufi, kinyota na tarakimu, na kosa la tarakimu moja linamgeuza mtu kuwa mwingine. Lazima uhesabu kila jina limetokea mara ngapi, uone ni majina gani husafiri pamoja katika ukoo mmoja, upime kama mgawanyo huo ungetokea kwa bahati tu. Kwa kazi hiyo walitumia programu iitwayo PyPop, iliyotungwa na Alex Lancaster na wenzake katika kundi la Glenys Thomson huko Berkeley, na kuelezwa hadharani mwaka 2003. Watungaji wenyewe wamo katika orodha ya waandishi wa andiko lile. Programu ilikuwa bado changa, na damu ya ziwa ilikuwa miongoni mwa mizigo yake ya kwanza mikubwa.

Matokeo yake ninayapenda. Katika karibu jamii zote hakuna aleli moja iliyotawala nyingine. Zilikuwapo mbili tu zilizojitokeza sana, A*3002 kwa Wazambia na Cw*1601 kwa Wamali. Kwingineko nyavu zilikuwa nyingi na zimegawana nafasi, dalili kwamba vizazi vya magonjwa viliwabakiza wenye nyavu tofauti. Umbali wa kijenetiki kati ya jamii mbili za Afrika ulikuwa mkubwa kuliko ule ulioonekana kati ya jamii za Ulaya. Na katika jeni ya A, Waluo wa magharibi mwa Kenya walionekana kuwa karibu na takriban kila jamii ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imepimwa hadi wakati huo.

Waandishi waliona jambo hilo linaafikiana na wazo kwamba binadamu wa sasa alianzia Afrika Mashariki. Huenda. Mimi naona pia maelezo ya karibu zaidi. Waluo walishuka kutoka upande wa Mto Naili, wakafika ziwani katika karne ambazo wazee bado wanazihesabu kwa vizazi, wakaoana na Wabantu waliowakuta. Wasuba wa Rusinga na Mfangano wengi wao leo wanazungumza Dholuo. Jamii iliyopokea wake na waume kutoka pande nyingi hivyo itafanana na wengi. Jedwali la jeni halisemi ni hadithi gani kati ya hizi mbili ndiyo kweli, na msomaji ajihadhari na yeyote anayelisomea zaidi ya lilivyoandikwa.

Miaka miwili kabla ya andiko hilo, mwaka 2002, jarida lilelile lilichapisha kazi nyingine kutoka Kenya, iliyopima A na B na kutangaza aleli mbili ambazo hazikuwa katika daftari lolote duniani. Ziliitwa HLA-B*1567 na HLA-B*4426. Mwandishi wa kwanza alikuwa Ma Luo wa Winnipeg, Kanada, ambaye jina lake la ukoo ni la Kichina na halihusiani na Waluo wetu. Pamoja naye walikuwa Joanne Embree, Frank Plummer, na kwa upande wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeckoniah Ndinya-Achola na Job Bwayo. Ni kundi la watu waliotumia miaka mingi wakiuliza kwa nini baadhi ya wanawake wa mtaa wa Pumwani, Nairobi, waliokabiliwa na VVU mwaka baada ya mwaka, hawakuambukizwa, na HLA ilikuwa moja ya sehemu walizotafuta jibu. Profesa Bwayo aliongoza jitihada za Kenya za kutafuta chanjo ya UKIMWI. Aliuawa na majambazi wa barabarani Februari 2007. Plummer alifariki Nairobi, Februari 2020, akiwa amerejea kwa maadhimisho ya miaka arobaini ya ushirikiano wa chuo chake cha Winnipeg na kile cha Nairobi. Majina ya aleli walizozileta hayana majina yao ndani yake. Ndivyo kanuni ilivyo, na ni kanuni nzuri, lakini sisi tunaweza kuwakumbuka.

Ifuate B*1567 sasa, maana safari yake inaeleza kila kitu. Ilizaliwa katika ukoo wa B*15, ukoo mkubwa ajabu wenye watoto wasiofanana, ambao seramu za zamani ziliwaita kwa namba mbalimbali, 62, 71, 72 na kadhalika. Jina lilikuwa na nafasi mbili tu za kumhesabu kila mtoto. Ya 67 ikaingia, ya 80, ya 99. Kisha? Hapakuwa na nafasi ya mia. Ukoo wa A*02 ulikwama vivyo hivyo. Kamati ikaazima namba: aleli ya mia na kuendelea ya A*02 ikaandikwa A*92, na ya B*15 ikaandikwa B*95. Ilikuwa kama kumaliza herufi za vibao vya magari na kuanza kutumia vibao vya wilaya nyingine. Mtafutaji aliyeandika B*15 akitaka ukoo mzima aliwapata waliozaliwa mapema tu.

Aprili 2010 kamati ilibadilisha umbo la majina yote. Nukta mbili ziliwekwa kati ya sehemu na sehemu, ili kila sehemu iwe na tarakimu kadiri itakavyohitaji. A*0201 ikawa A*02:01. Cw*0602, yenye ile w ya muda ambayo haikuondoka kwa miaka mingi, ikawa C*06:02. A*9201 ilirudishwa nyumbani kwao ikawa A*02:101, na B*9501 ikawa B*15:101. Na aleli yetu ya Kenya, B*1567, ikawa B*15:67.

Unaweza kusema ni alama tu ya uandishi. Lakini fikiria kila jedwali lililochapishwa kabla ya hapo, likiwamo lile la Waluo na Wanandi, kila faili ya mgonjwa wa figo, kila karatasi ya rejista ya uboho. Zote ghafla zilikuwa katika lugha ya zamani. Kuzitafsiri kwa mkono ni kukaribisha makosa. Kwa hiyo Steven Mack na Jill Hollenbach walitunga programu ya kutafsiri majina, wakaichapisha mwaka huohuo wa 2010: unaipa faili yenye majina ya kale, inayalinganisha na orodha ya kubadilishia, inakurudishia majina mapya. Haina mbwembwe. Inajua tu kwamba Russia, New Nyanza General na Jaramogi ni nyumba moja. Ukiingia leo katika hifadhidata ya masafa ya aleli iliyoanzishwa Liverpool na Derek Middleton, utazikuta jamii zetu mbili, Waluo 265 na Wanandi 240, zikiwa zimevaa majina mapya yenye nukta mbili, na unaweza kutafuta aleli yoyote ukaona iko wapi duniani na kwa kiasi gani.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo programu hizi hulibeba, nalo ni kwamba jina lina tarehe. Maabara nyingi hazikuisoma jeni yote. Zilisoma sehemu zake muhimu, kisha zikalinganisha na orodha iliyopo. Ikiwa orodha ina aleli moja inayolingana, mtu anapewa jina hilo. Miaka mitano baadaye orodha imeongezeka, na matokeo yaleyale ya damu ileile yanalingana na aleli tatu. Damu haijabadilika. Kamusi ndiyo imekua. Kwa hiyo jibu la maabara lisilotaja toleo la daftari lililotumika ni jibu nusu, na programu nzuri huuliza toleo kabla ya kuuliza jina.

Anayedhani haya ni mambo ya makarani na asikilize kisa cha B*57. Mwaka 2002 watafiti waligundua kwamba dawa ya VVU iitwayo abacavir, ambayo imetumika sana kwa watoto, huweza kuleta mzio wa hatari kwa watu wenye aleli ya B*57:01. Ndugu yake, B*57:03, inayopatikana zaidi kwa Waafrika, haina hatari hiyo, na imehusishwa na watu wanaoweza kukidhibiti kirusi cha VVU kwa muda mrefu. Protini hizo mbili zinatofautiana kwa asidi amino mbili tu, ndani ya ule mfuo. Katika maandishi tofauti yao ni tarakimu moja baada ya nukta mbili. Karani akiandika B*57 akaishia hapo, ameunganisha hatari na bahati njema katika jina moja.

Na usiseme "Waafrika" kana kwamba ni watu wa aina moja. Katika sampuli za mradi wa kimataifa wa HapMap, B*57:01 ilipatikana kwa asilimia 13.6 ya Wamasai wa Kinyawa, asilimia 3.3 ya Waluhya wa Webuye, kaskazini mwa Kisumu, na haikuonekana kabisa kwa Wayoruba wa Ibadan. Wamasai na Waluhya ni raia wa nchi moja. Daktari anayetumia takwimu ya Nigeria kumtibu mgonjwa wa Narok anatumia ramani ya mahali pengine.

Kwa wanaohitaji uboho hali ni kali. Uchambuzi wa rejista kubwa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata mchangiaji anayelingana naye kabisa, na kwa makundi ya watu weusi nafasi hiyo ni kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ni mbili zinazokutana: sisi tuna aina nyingi zaidi, na tumeandikwa wachache zaidi. Ule utajiri wa nyavu unaotulinda kijijini unatufanya tuwe vigumu kupatiwa pacha rejistani.

Watoto wa ziwa wana sehemu yao katika elimu hii pia. Uvimbe wa Burkitt, saratani ya taya na tumbo ambayo Denis Burkitt aliieleza Uganda mwaka 1958, bado huwaleta watoto katika wodi za Jaramogi. Kirusi cha Epstein-Barr na malaria vinahusika. Watafiti wa Kisumu na washirika wao wametafuta mchango wa kinga, na mwaka 2021 walichapisha utafiti kuhusu kundi jingine la jeni, KIR, zinazoziongoza seli za kinga zinazoua bila kusubiri mafunzo. KIR nazo zina daftari lao, chini ya paa lilelile la London, na huko ugumu unazidi, kwa sababu watu hawatofautiani kwa sura ya jeni tu; hutofautiana hata kwa idadi ya jeni walizo nazo.

Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana. Aleli mpya haipati jina mpaka mtu apeleke mpangilio wake pamoja na maelezo ya mahali ulipotoka, na kamati hupokea maombi hayo kutoka maabara yoyote duniani. Maabara zetu za Kisumu na Kisian zina watu wenye ujuzi wa kufanya hivyo. Vyuo vyetu, Maseno kikiwa karibu kabisa, vifundishe wanafunzi wa biolojia kusoma majina haya, kutumia PyPop, kutafsiri jedwali la 2004, kuuliza toleo. Wazazi wanaoombwa damu ya mtoto kwa utafiti waelezwe kwamba jina linaweza kutoka humo na kuingia katika daftari la dunia, na waonyeshwe pa kulitazama.

Hifadhidata ya London iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, hata ya simu. Andika B*15:67 katika kisanduku cha kutafutia, na utaiona aleli iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika damu ya Kenya. Hakuna ada.